Fangasi wa miguu ni nini hasa, na hizi tiba za nyumbani zinatibu au tunajiunguza tu?

Unaujua ule muwasho wa katikati ya kidole kidogo cha mguu na jirani yake? Unavua soksi jioni unakuta ngozi imekuwa nyeupe, imelainika kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua, ukisugua inabanduka, chini yake pekundu, na harufu mwenyewe unageuza uso. Hao ndo fangasi wa miguu. Wazungu wanauita mguu wa mwanariadha lakini huku kwetu ungeitwa tu mguu wa mlinzi, mguu wa bodaboda, mguu wa mwanafunzi wa bodingi, yaani yeyote anayeshinda ndani ya kiatu cha kufunika toka asubuhi mpaka usiku.

Wenyewe ni jamii ya ukungu, na anayeongoza kwa usumbufu anaitwa Trichophyton rubrum. Chakula chake ni keratini, ile protini ya ngozi ya juu, kucha na nywele, ndo maana haendi ndani ya mwili, anakaa juu juu anakula ngozi iliyokufa. Ni ukoo mmoja na wale wa mapunye ya kichwani na wa muwasho wa kinena. Kwahiyo ukijikuna mguu halafu ukajikuna kinena umeshawahamisha, na kuna ushauri unachekesha ila ni wa kweli kabisa, kama una fangasi miguuni vaa soksi kwanza ndo uvae chupi, maana ile chupi inapita miguuni inawabeba mpaka juu.

Saa ingine hawakai kwenye vidole. Unyayo mzima unakuwa mkavu unatoa unga unga kama umekanyaga sembe, mtu anajua ni ukavu wa kawaida anapaka mafuta mgando mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye tiba za nyumbani, na hapa mimi ni shahidi. Masika moja niliambiwa ponda kitunguu saumu, weka kwenye vidole, funga na mfuko wa nailoni ulale. Nikafanya vizuri kabisa, punje nne, nikaona kunawaka moto nikajipa moyo kwamba wanakufa hao. Asubuhi nikaamka na malengelenge. Kumbe kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi kweli kweli, na kidonda juu ya fangasi ni mlango wa bakteria. Kinachochanganya watu ni kwamba kitunguu saumu hakijasingiziwa, kina kitu kinaitwa ajoini ambacho watafiti wa Venezuela miaka ya 1990 walikitengenezea krimu ya asilimia 0.4 na wagonjwa wakapona ndani ya wiki moja mpaka mbili. Lakini hiyo ni krimu iliyopimwa, sio punje za sokoni ulizotwanga kwenye kinu.

Mafuta ya tii trii, yale ya mti wa Australia, ndo yana ushahidi kidogo. Mwaka 1992 walijaribu krimu yake ya asilimia 10, muwasho na magamba yakapungua ila fangasi wenyewe wakabaki. 2002 wakapandisha mpaka asilimia 25 na 50, hapo wengine wakapona kweli, ila kuna waliovimba ngozi wakaacha. Kwahiyo usipake yakiwa makali vile vile kama yalivyo kwenye chupa.

Siki na mwarobaini wa kuchemsha vinazuia fangasi kwenye maabara, ila kwenye mguu wa mtu ushahidi ni mdogo. Ukitaka kuloweka loweka, siki kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu au vinne, dakika kumi, ngozi isiwe imechanika. Mafuta ya nazi yapake kwenye unyayo mkavu tu, ukiyajaza katikati ya vidole umewafungia unyevu humo humo. Limau acha. Jiki usithubutu, najua kuna watu wanafanya.

Mi naona tiba ya nyumbani yenye nguvu kuliko zote haina hata jina, ni kukausha. Fangasi bila unyevu anateseka. Ukioga, au ukitawadha mara tano kwa siku halafu ukarudisha mguu kwenye soksi unachuruzika maji, huko katikati ya vidole panakuwa kama shamba la mpunga. Beba kitambaa kidogo chako peke yako, pitisha kila upenyo, kidole kwa kidole. Na nadhani nusu ya watu wanaosifia siki ni kwamba walivyoanza kuloweka ndo wakaanza pia kukausha vidole vizuri.

Ila ukavu peke yake mara nyingi haumalizi kazi. Famasi kuna krimu ya klotrimazoli, unapaka wiki mbili mpaka nne, au terbinafini ambayo kwa vidoleni wiki moja inaweza kutosha. Kosa letu wote ni moja, siku ya tatu muwasho umeisha tunaitupa krimu, mwezi ujao tunasema fangasi wangu ni sugu. Kosa la pili ni zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, betamethasoni na wenzake, zinatuliza muwasho haraka unaona umepona, kumbe kinga ya ngozi imelazwa na fangasi wanatambaa.

Mwenye kisukari asijaribu hata kimoja cha hivyo vya jikoni, aende hospitali moja kwa moja, kwa sababu mpasuko mdogo wa kidoleni kwake unaweza kugeuka kidonda kisichofunga. Na wewe mwingine ukiona mguu umevimba, una joto, wekundu unapanda, nenda leo leo. Kama wameshaingia kwenye kucha, imekuwa nene ya njano, krimu ya kawaida hapo haifui dafu, mara nyingi ni vidonge vya miezi na daktari ndo anaandika.

Kilichobaki ni kiatu. Kama una raba moja unayovaa Jumatatu mpaka Jumamosi, hiyo raba haijawahi kukauka hata siku moja, tafuta ya pili ya mtumba uwe unapokezana, soksi safi kila siku, na raba ya jana ivutie ulimi nje uianike juani.