Mteremko mkali wa theluji: usiuegemee mlima

Unguja hakuna pa kujifunzia ski, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zinazofungwa kwenye buti. Sehemu yetu ya juu kabisa, Masingini, haifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini wako wanaoalikwa na jamaa zao Ulaya msimu wa baridi, wakafundishwa siku mbili tatu kwenye mteremko wa watoto, kisha wakapandishwa lifti hadi juu. Haya ni yao.

Kwanza rangi. Ulaya njia ya buluu ni nyepesi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu; Ufaransa huweka na kijani chini ya buluu. Ukiona mteremko umeandikwa kwa asilimia, jua kwamba asilimia 100 ni nyuzi 45, si ukuta. Njia ya Harakiri ya Mayrhofen, Austria, inayotisha watu kwa jina lake (neno la Kijapani la kujiua kwa kujipasua tumbo), ni asilimia 78, yaani kama nyuzi 38. Ukiwa juu yake, hata hivyo, utaapa kuwa ni ukuta.

Na hofu hiyo ndiyo inayoangusha. Mwili ukiliogopa bonde hujivuta mlimani. Uzito ukahamia ski ya juu, iliyo upande wa mlima, ile ya chini, ya upande wa bonde, ikabaki nyepesi, makali yake ya chuma yakaachia barafu, nawe ukalala ubavu. Kazi yote ya mteremko mkali hubebwa na ski ya chini, kwa hiyo kifua na mabega lazima vielekee bondeni hata kama moyo hautaki.

Simama ukiwa umeukingama mteremko, ski zikiachana kwa upana wa nyonga, ya juu ikitangulia kidogo. Kunja vifundo vya miguu mpaka muundi ubonyeze mbele ya buti. Sasa nyanyua mkia wa ski ya juu. Ukiweza bila kuyumba, uzito uko mahali pake. Ukishindwa, bado umeuegemea mlima.

Kabla ya kona, jifunze kuteremka kiubavu. Sogeza magoti kidogo kuelekea bondeni: makali yanalala, ski zinaporomoka. Yarudishe mlimani: zinasimama. Rudia mita tano tano, kulia na kushoto. Walimu wengi huliharakisha somo hili, nami naliona ndilo la kwanza, kwa sababu ukikwama kwenye njia nyeusi utashuka yote namna hii, ski hazijaelekea chini hata mara moja.

Kona yenyewe huanza na fimbo ya mkononi. Ichomeke upande wa bonde, chini ya buti, si mbele kwenye ncha za ski; kule kuifikia ndiko kunakovuta kifua bondeni. Nyanyuka kidogo, hamishia uzito ski ya juu, ambayo sasa inakuwa ya nje, kisha zungusha miguu chini ya mwili, mabega yatulie. Ncha zitaelekea chini kwa muda mfupi, na hapo ndipo wengi hukaa nyuma kama wanaotafuta kiti. Ukikaa nyuma ncha hazikusikii tena. Endelea kuzungusha mpaka ski ziukingame mteremko upya. Kasi inapunguzwa na kona iliyokamilika. Anayekatisha kona nusu hubeba kasi ya kwanza kwenye ya pili, na kufika ya nne hashikiki.

Ukianguka ukaanza kuserereka, leta miguu upande wa bonde na ski zikingame mteremko, makali yachimbe. Kama ski zimechomoka, geuka kifudifudi, jisukume kwa mikono na uchimbe kwa ncha za buti. Fanya mapema, kabla kasi haijakua.

Asubuhi theluji iliyoyeyuka jana huwa barafu tupu. Ngoja mteremko upigwe jua kwanza.

Soksi ni moja tu, nyembamba na ndefu. Mbili hufanya mguu ucheze ndani ya buti. Jinzi iache nyumbani, inalowa. Mazoezi yapo hapa hapa: panda ngazi za majumba ya Michenzani, lakini faida kubwa iko katika kushuka polepole magoti yakiwa yamekunjwa, maana ndivyo mapaja yatakavyofanya kazi kule.

Dukani unakokodi ski wataulizia uzito, urefu, umri na kiwango chako ili wapime kifungio kinachoshika buti. Sema kweli. Wanaume hupenda kujiita mahodari. Kifungio kikakazwa kupita kiasi, siku ya kuanguka kikakataa kuachia, na goti likalipa.