Mzee Ruksa: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Jina la utani likimkaa mtu sawasawa hufunika mengi. Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, aliitwa Mzee Ruksa, na wengi wameliachia jina hilo liwasimulie historia yote: nchi ilikuwa imefungwa, akaja mzee mpole, akafungua mlango, bidhaa zikaingia. Masimulizi hayo yana chembe ya kweli, lakini yana pia makosa ambayo yamerudiwa hadi yakazoeleka.

«Ndiye aliyeanza kufungua milango»

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na chanzo chake kinaeleweka. Aliyeishi mwanzoni mwa miaka ya 1980 anakumbuka foleni ya sukari iliyoanza kabla ya alfajiri, watu wakiweka jiwe au kopo kushika nafasi zao, na anakumbuka jinsi dawa ya meno ilivyokuwa kitu cha kubebewa na ndugu anayetoka Nairobi. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, wapo waliotupa mali vichakani usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Mtu wa namna hiyo, akiyaona maduka ya Kariakoo yamejaa na mitumba inauzwa hadharani miaka michache baadaye, hawezi kulaumiwa akidhani mabadiliko yote yalikuja na rais mpya.

Hata hivyo, hatua ya kwanza ilichukuliwa Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kadhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi, na mwaka huohuo shilingi ikashushwa thamani. Mwinyi wakati huo alikuwa Rais wa Zanzibar, kiti alichokikalia Januari 1984 baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu, na huko alikuwa tayari akilegeza masharti ya biashara. Alichokifanya alipofika Dar es Salaam ni kile ambacho Mwalimu alikuwa amekikataa kwa miaka mingi, yaani kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na makubaliano hayo yalifikiwa 1986. Nionavyo mimi, sifa yake halisi iko hapo: mlango aliukuta umeachwa wazi kidogo, akakataa kuurudisha, ingawa waliotaka urudishwe walikuwamo ndani ya chama chake mwenyewe.

Gharama za uamuzi huo nazo husahaulika. Dola moja iliyobadilishwa kwa takribani shilingi 17 mwanzoni mwa 1986 ilihitaji zaidi ya shilingi 500 alipokuwa akiondoka, na mzazi aliyezoea shule na hospitali za bure akaanza kuambiwa habari za kuchangia.

«Alilizika Azimio la Arusha peke yake»

Kilichoitwa Azimio la Zanzibar kilikuwa uamuzi wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, CCM, iliyokutana Unguja Februari 1991. Uamuzi huo uliwaruhusu wanachama na viongozi kuwa na mishahara zaidi ya mmoja, kumiliki hisa na kupangisha nyumba, mambo ambayo Azimio la Arusha la 1967, tamko la siasa ya ujamaa, liliwakataza viongozi. Mwinyi alikuwa mwenyekiti wa chama tangu 1990, kwa hiyo hawezi kuvuliwa wajibu. Lakini wajumbe waliokuwamo ukumbini ni wengi, na baadhi yao waliishia kulilia Azimio la Arusha majukwaani.

«Wananchi walidai vyama vingi, naye akasalimu amri»

Tume aliyoiunda 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuta kinyume chake: takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa hoja kwamba hao wachache nao wana haki ya kusikilizwa, na sheria ikabadilishwa 1992.

«Upole wake ulikuwa udhaifu»

Wanaosema hivi wana ushahidi wa kuonyesha, hasa misamaha holela ya kodi iliyowafanya wafadhili wasitishe misaada 1994. Wasichokitaja ni kwamba mtu huyohuyo, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, alijiuzulu baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Hakushiriki unyama ule. Aliwajibika kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Akapelekwa Misri kuwa balozi, na hakurudi kwenye baraza la mawaziri hadi 1982. Tuwahesabu mawaziri waliofuata mfano huo, tuone kama vidole vya mkono mmoja havitabaki.

Kuna pia kosa dogo la kumwita mzaliwa wa Unguja. Alizaliwa Kivure, Mkuranga, mkoani Pwani, tarehe 8 Mei 1925, akavushwa bahari akiwa mtoto ili asome. Unguja ikamlea, ikampa ualimu, na hatimaye ikampokea kaburini, Mangapwani, alipofariki Februari 2024.

Mwisho kuna wanaodhani kwamba aliondoka Ikulu kwa hiari tu. Ukomo wa vipindi viwili uliingizwa katika Katiba ya Muungano 1984, kabla yeye hajaapishwa, na akawa rais wa kwanza kufungwa nao. Kipindi cha pili kilipokwisha aliondoka, na tarehe 23 Novemba 1995 Benjamin Mkapa akaapishwa.