Muuguzi anayeogopa kuuliza

Nasimamia wauguzi wapya hapa Tabora, na nataka tuongee wazi kuhusu kufokeana wodini. Kila nikiligusa, wakongwe hunijibu: "Na sisi tulipitia hayo hayo." Jibu hilo linaniuma, kwa sababu anayelipa gharama ni mgonjwa.

Chukua zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege ambayo ikizidi mwilini inaweza kusimamisha upumuaji. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, muuguzi anahakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo hauwi chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri. Upumuaji ukisimama, mama anasaidiwa kupumua na kupewa kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga nguvu ya magnesiamu. Sasa muuguzi mpya amegonga goti, hana uhakika kama limeruka. Sista mkubwa yuko pale mezani. Lakini jana alipouliza aliambiwa, "Hivi chuoni mlifundishwa nini?", ndugu wa mgonjwa wakisikia. Leo atauliza? Wengi wanakisia tu.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza wodi za hospitali miaka ya 1990 akakuta kwamba zile zenye viongozi wazuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Watu hawakuogopa kusema. Kwa hiyo kiongozi anayejisifu kuwa wodi yake haina makosa hunitia wasiwasi.

Unyanyasaji mwingine ni wa kimya: kununiwa, kupangiwa usiku mfululizo, kufichwa taarifa wakati wa kukabidhiana zamu. Na huku kwetu kuna kisingizio cha utani. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hadharani wakacheka wote, lakini mtani hujibu. Anayekuita mzembe, nawe ukijibu anakuandikia barua ya kujieleza, huyo hakutanii.

Viongozi wa wodi nawaomba hivi: kama kuna hatari, zuia mkono hapo hapo kwa sauti ya kawaida, maelezo yafuate faraghani, mgonjwa akishatulia. Zungumzia kitendo, usimguse mtu wala chuo chake.

Nawe unayenyanyaswa, andika tarehe, zamu, maneno yenyewe na waliokuwepo. Peleka kwa muuguzi mfawidhi. Kama ndiye mwenyewe anayekunyanyasa, nenda kwa mganga mfawidhi au kwa viongozi wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, ukiwa na daftari lako mkononi.