Isotopu thabiti: namna maabara inavyotafuta shamba la unga

Kijana akikamatwa Malindi na kete za unga, yaani heroini au kokeini, polisi humuuliza kauziwa na nani. Maabara inaweza kuuliza jambo la mbali zaidi: kabla ya kuwa unga, mmea huu ulimea katika udongo gani? Njia mojawapo ya kulijibu ni kupima isotopu thabiti.

Atomu za kaboni hazina uzito mmoja. Karibu 99 katika kila 100 zina nyutroni 6 (chembe za ndani ya kiini cha atomu), nazo huitwa kaboni-12. Iliyobaki ina nyutroni 7, ndiyo kaboni-13. Atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito hivi ndizo isotopu. Hizi mbili ni thabiti kwa sababu haziozi kwa miaka kama kaboni-14, ile inayotumika kukadiria umri wa masalio ya kale.

Mimea mingi, ikiwemo ya koka (inayotoa kokeini) na ya kasumba (inayotoa heroini), hupendelea kaboni nyepesi. Lakini jua likiwa kali na maji yakiwa haba, vitundu vya majani hufumba, hewa yenye kaboni hupungua ndani ya jani, na mmea hulazimika kutumia hata kaboni nzito ambayo ungeiacha. Nitrojeni hufuata udongo na mbolea. Samadi, kwa mfano, huongeza nitrojeni-15, isotopu yake nzito. Oksijeni na hidrojeni hufuata mvua. Wingu likitoka baharini kuelekea bara, maji yenye atomu nzito hutangulia kuanguka, kwa hiyo mvua ya Malindi huwa na atomu nzito nyingi kuliko mvua ya wingu lilo hilo likishafika milimani. Tofauti zote hizi ni ndogo mno, huhesabiwa kwa sehemu katika elfu. Mashine huigeuza sampuli kuwa gesi, kisha sumaku huzitenga molekuli nyepesi na nzito zipate kuhesabiwa.

Mwaka 2000, mwanasayansi James Ehleringer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima majani 200 ya koka kutoka Bolivia, Kolombia na Peru. Walipojumlisha isotopu za kaboni na nitrojeni na kemikali mbili nyingine zilizomo kidogo ndani ya jani, waliweza kutaja asili sahihi kwa asilimia 96. Sisi wa pwani hatuna sababu ya kuyaona hayo kuwa ya mbali: Desemba 2004, takriban tani 1.1 za kokeini zilikamatwa Malindi na Nairobi, na koka hailimwi kwetu.

Heroini ni ngumu zaidi, na hapa ndipo ninapoiona sayansi hii kuwa na thamani kubwa. Utomvu wa kasumba hutolewa mofini, kisha mofini hupikwa na kemikali ya kiwandani iitwayo anihidraidi ya asetiki. Molekuli moja ya heroini ina atomu 21 za kaboni: 17 zimetoka shambani, 4 zimetoka kwenye kemikali hiyo. Ukiupima unga ulivyo, umepima shamba na kiwanda kwa pamoja. Kwa hiyo wapimaji huziondoa zile 4 na kuipima mofini peke yake. Mofini inaeleza shamba. Tofauti kati yake na heroini inaeleza kemikali. Kete ya Lamu na kete ya Malindi zikifanana kwa yote mawili, kuna sababu nzuri ya kushuku kwamba zimepikwa jiko moja, na upelelezi hauna haja ya kuishia kwa kijana aliyekutwa nazo mfukoni. Ila unga wa mtaani huwa umechanganywa na vitu vingine, kama kafeini au parasetamoli, na lazima usafishwe kwanza.

Jambo ambalo unga hauwezi kulieleza ni safari yake. Aprili 2014, manowari ya Australia HMAS Darwin ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi, baharini nje ya Mombasa. Isotopu za shehena kama hiyo zinaweza kuelekeza kwenye mashamba, lakini hazitaji nahodha, bandari wala mwenye mali. Hata shamba lenyewe hutajwa kwa kulinganisha na sampuli ambazo asili yake inajulikana kwa hakika. Likianzishwa shamba jipya ambalo sampuli zake hazimo maabarani, hesabu inaweza kulipachika kwenye eneo linalofanana nalo, na jibu likaonekana sahihi.