Kutambua Rangi za Farasi wa Mbio wa Zamani katika Picha za Kuchora

Mwaka 1765 mchoraji Mwingereza George Stubbs alimchora Gimcrack, farasi wa mbio mwenye umbo dogo aliyependwa sana wakati wake, akiwa katika uwanda wa Newmarket. Katika turubai hiyo moja Gimcrack anaonekana mara mbili: kwa mbali anawaacha wenzake nyuma, na kwa karibu amesimama akihudumiwa baada ya kukimbia, mwili wake ukiwa wa kijivu kilichokolea kama chuma. Anayemwona humo, kisha akamkuta katika picha nyingine akiwa karibu mweupe, hudhani upesi kwamba mmoja wa wachoraji alikosea, kumbe huenda wote wawili walichora walichokiona.

Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi nyingine, kisha manyoya yake hupauka mwaka hadi mwaka, huku ngozi iliyo chini yake ikibaki nyeusi. Gimcrack alizaliwa mwaka 1760, kwa hiyo Stubbs alimkuta akiwa na umri wa miaka mitano hivi, wakati weupe haujamtawala. Ndiyo maana, kabla ya kubishana kuhusu rangi ya farasi yeyote wa kijivu, sharti tujue alichorwa akiwa na umri gani. Tukikuta farasi mweupe kabisa, tunatazama pua, midomo na pembezoni mwa macho, kwa kuwa weusi wa ngozi katika sehemu hizo hutuonyesha kwamba aliingia weupeni kwa kuzeeka.

Wapo pia wa kijivu ambao rangi yao ya awali haitoki kwa usawa. John Wootton alimchora dume aliyeletwa Uingereza kutoka Aleppo kwa ajili ya Edward Harley, naye alijulikana kwa jina la Bloody Shouldered Arabian, yaani Mwarabu mwenye bega la damu. Alikuwa wa kijivu, lakini begani alikuwa na baka jekundu mithili ya damu iliyomwagika. Lau jina lisingehifadhiwa, mtazamaji wa leo angeliona baka hilo kuwa jeraha, au rangi iliyoharibika. Mchoraji alikuwa mwaminifu, na mimi naamini kwamba kwa alama za mwili wachoraji wa wakati huo wanastahili kuaminiwa zaidi kuliko kwa maumbo. Mwenye farasi aliweza kufurahia kichwa kilichochorwa kidogo na kizuri kupita kiasi, lakini baka jeupe likiwekwa mguu usiohusika angesema huyu si wake.

Rangi ya mafuta nayo huzeeka. Vanishi iliyopakwa juu ya picha hugeuka manjano, na farasi wa kijivu akaonekana kama wa rangi ya mchanga. Lami iliyochanganywa katika sehemu za giza huzidi kuwa nyeusi, na farasi wa hudhurungi akadhaniwa kuwa mweusi. Njia rahisi ya kujihadhari ni kutafuta katika picha hiyohiyo kitu ambacho tuna hakika kilikuwa cheupe, kwa mfano soksi za mtunza farasi. Zikiwa za manjano, basi na farasi tumwone kupitia umanjano huo. Kisha tutazame miguu, mkia na manyoya ya shingoni, ambayo kwa farasi wa hudhurungi ni meusi, ilhali kwa farasi wa rangi ya shaba hufanana na mwili au huwa mepesi zaidi. Whistlejacket, ambaye Stubbs alimchora kwa ukubwa wake halisi mnamo mwaka 1762 na ambaye sasa yumo katika National Gallery ya London, ni wa shaba, na mkia wake ni wa rangi nyepesi kama kitani.

Nasaba hutusaidia pale ambapo jicho limeshindwa. Rangi ya shaba hufichika katika urithi: farasi huipata anapopokea jeni yake kutoka kwa baba na kwa mama, kwa hiyo wazazi wawili wa shaba hawazai mtoto wa hudhurungi, lakini wa hudhurungi wawili wanaweza kuzaa wa shaba. Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 na asiyewahi kushindwa, alikuwa wa shaba, mwenye mstari mweupe usoni na mguu mmoja mweupe wa nyuma, wakati baba yake Marske na mama yake Spilletta walikuwa wa rangi za hudhurungi. Walikuwapo waliodai kwamba baba yake ni dume mwingine, aliyeitwa Shakespeare, lakini rangi ya Eclipse peke yake haiwezi kumwondoa Marske. Kijivu kina kanuni nyingine, kwani mtoto hawi wa kijivu bila mzazi mmoja kuwa wa kijivu. Godolphin Arabian, babu wa Gimcrack upande wa baba, alikuwa wa hudhurungi, hivyo kijivu cha mjukuu wake kilitoka kwingine.

Huyo Godolphin anatufunza tahadhari zaidi. Alikufa mwaka 1753, na picha yake iliyotolewa na Stubbs miaka ya 1790 ilinakiliwa kutoka kwa kazi ya David Morier. Ukubwa wa jina la Stubbs haumfanyi kuwa shahidi wa pili; shahidi hapo ni Morier tu.

Nawaomba wanaosafisha picha hizi wawe na subira. Bend Or, mshindi wa Derby, mbio mashuhuri za farasi za Uingereza, ya mwaka 1880, alikuwa wa shaba mwenye madoa meusi yaliyotawanyika mwilini, na hadi leo madoa ya namna hiyo huitwa kwa jina lake. Doa dogo jeusi kwenye mwili wa farasi wa shaba linaweza kuwa uchafu au ukungu, na linaweza kuwa alama ambayo mchoraji aliiweka kwa makusudi. Lichunguzwe kwanza kwa hadubini, ionekane kama liko juu ya vanishi au chini yake, kabla pamba yenye dawa haijaligusa.