Moyo Ukienda Mbio, Nguvu ya Pigo Hubadilikaje?

Mbeba magunia ya korosho ghalani Mtwara anaweza kuanza kazi moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, akafika 130 muda si mrefu. Wengi hudhani kinachopanda ni kasi tu. La hasha: kwenye moyo wenye afya, kila pigo nalo hukaza zaidi. Mtafiti Mmarekani Henry Bowditch alilieleza jambo hili mwaka 1871 akiwa Leipzig, Ujerumani, baada ya kuchochea msuli wa moyo wa chura na kuona mapigo yakipanda nguvu mfano wa ngazi.

Chanzo ni kalsiamu. Katika kila pigo, kalsiamu kidogo huingia ndani ya seli ya msuli na kufungulia ile nyingi iliyohifadhiwa humo humo; hiyo ndiyo huvuta nyuzi za msuli. Kisha sehemu kubwa husukumwa kurudi kwenye hifadhi, iliyobaki hutolewa nje. Mapigo yakifuatana upesi, inayoingia kwa dakika huongezeka na nafasi ya kuitoa hupungua. Hifadhi hujaa, pigo lijalo hupata zaidi.

Lakini kasi ina gharama. Kwa mapigo 60, kila mzunguko huchukua sekunde 1. Kwa 180, theluthi tu ya sekunde. Kinachobanwa zaidi ni muda wa kulegea, ambao ndio moyo hujaza damu na msuli wa upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake.

Kwa mwenye tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi, pampu za kurudisha kalsiamu zimedhoofika. Hifadhi haijai, msuli haulegei vizuri, na kasi ikipanda nguvu hubaki pale pale au hushuka. Ndiyo maana akipanda kilima Lindi mjini huishiwa pumzi mapema, na ndiyo maana wengi wao huandikiwa dawa za kupunguza kasi ya moyo, bisoprololi au kavedilolo, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Tafadhali usiziache ghafla kwa sababu unajisikia mchovu. Mapigo yanaweza kurudi kwa kishindo. Mweleze daktari, dozi irekebishwe.

Kupima mapigo, kaa utulie dakika 5, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Yakienda bila mpangilio, hesabu dakika nzima. Yakizidi 100 mara kwa mara ukiwa umepumzika, nenda kituo cha afya. Ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi, nenda saa hiyo hiyo.