Faili ni la hospitali, habari ni zako

Kazi yangu ni rekodi za wagonjwa hapa Kisumu, na swali ninaloulizwa sana dirishani ni kama mtu anaruhusiwa kuona faili lake. Anaruhusiwa. Karatasi ni mali ya hospitali, lakini habari zilizomo ni zako. Andika barua ya kuomba nakala. Kwa kanuni za ulinzi wa data za 2021, hospitali ina siku 7 kukutimizia, bila malipo. Ukiambiwa ulipe kwanza, uliza ada hiyo imetoka wapi.

Siri za afya zikitajwa, watu huwaza wadukuzi wa kompyuta. Mimi naogopa zaidi benchi la foleni. Karani anapaza sauti, "Wa dawa za TB, huku!" na benchi zima linageuka: jirani wa Nyalenda, mama wa chama, mwalimu wa mtoto. Rejista iko wazi mezani, na anayejiandikisha anawasoma wote waliomtangulia. Kisha kuna picha ya eksirei inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp "kuomba ushauri", jina la mgonjwa likisomeka pale juu. Ushauri sawa, lakini jina lilifuata nini?

Sheria ya Afya ya 2017 inasema hali yako, matibabu yako na hata kulazwa kwako ni siri. Hata kulazwa! Kwa hiyo askari wa langoni hana ruhusa ya kumweleza kila anayeuliza uko wodi gani.

Ndoa nayo haifungui faili. Mume huja na kitambulisho cha mkewe akitaka majibu ya vipimo. Namsalimu vizuri, namwambia mama aje mwenyewe au aandike kwamba ameridhia. Wengine huondoka wamenuna. Mwajiri naye anatosheka na barua inayosema unahitaji kupumzika siku kadhaa. Jina la ugonjwa halimhusu.

Mipaka ipo. Mahakama inaweza kuamuru rekodi zitolewe, na kipindupindu lazima kiripotiwe serikalini, upende usipende.

Siri yako ikivuja, anza na msimamizi wa kituo, kwa maandishi, ubaki na nakala. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria ya 2019 inaipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Ikiwa kilichotangazwa ni hali yako ya virusi vya ukimwi, kuna pia mahakama maalum iliyoundwa na sheria ya 2006 kwa kesi za namna hiyo.